Nguruwe Pori, Muhogo na Kiangazi cha Uluguru

Vijana mlioko shuleni, mkiitazama milima ya Uluguru madirishani mwaona uzuri wake. Sisi wa miaka ya 1970 tuliotoka upande wa Matombo tuliona pia nguruwe pori. Wakati wa kiangazi mahindi yamekwisha kuvunwa. Akiba iliyobaki ni muhogo ulio ardhini, naye huufukua kwa pua usiku kucha. Msako wetu haukuwa mchezo.

Tuliondoka alfajiri, kwani jua likipanda mbwa huhema na harufu ya nyayo hukauka. Adhuhuri nguruwe hujilaza matopeni kando ya mito, maana hana jasho la kumpoza. Hapo ndipo alipozingirwa: wenye mikuki upande huu, wapiga kelele upande ule. Dume aliyejeruhiwa ni hatari. Mbwa wetu kadhaa walipasuliwa matumbo. Ndugu zetu Waislamu walisaka pamoja nasi, nyama wakatuachia Wakristo, wala sikusikia ugomvi.

Wako waliotucheka kwa mikuki hiyo. Wasome historia. Wajerumani walidai leseni za uwindaji kwa sheria ya 1896, na baada ya Vita vya Maji Maji (1905–1907) wakanyang'anya watu bunduki nyingi. Mkulima akabaki na mkuki, mbwa na dungu.

Dunguni, tena, hawakukesha wawindaji. Walikesha kina mama na watoto, wakigonga madebe mpaka kuche, na asubuhi jembe likawangoja.