Idhini ya kozi za ufundi (Ndhiwa)

Ndhiwa ni eneo bunge katika Kaunti ya Homa Bay, Kenya, lenye mashamba mengi ya miwa. Katiba ya 2010 iliweka vyuo vya ufundi vya vijijini, vikiwemo vya huko, chini ya kaunti, ila idhini ya kozi zao yatoka kwa serikali kuu. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi (TVETA), iliyoundwa kwa sheria ya 2013, husajili vyuo, huidhinisha kozi na kuwapa wakufunzi leseni. Mtaala na upimaji wa umilisi ni kazi ya baraza la CDACC. Ukaguzi wa karakana ndio kiini cha idhini: kozi ya kuchomelea vyuma isiyo na mashine wala miwani ya kinga humdhulumu mwanafunzi. Kozi za shahada, tofauti na hizi za ufundi, huidhinishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu.