Mwenye Nyumba Mpya na Wapangaji wa Kurithi: Msajili wa Majumba Tanzania, 1971–1990

Mwezi Aprili 1971, miaka minne baada ya Azimio la Arusha, Sheria ya Utwaaji wa Majengo ilimpa Rais mamlaka ya kutwaa majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, isipokuwa yale yaliyokaliwa na wenyewe peke yao. Majengo hayo yaliwekwa chini ya Msajili wa Majumba. Historia ya tukio hili imewazingatia zaidi walionyang'anywa, ambao wengi wao walikuwa na asili ya Asia. Makala hii inawaangalia waliokuwamo ndani. Hoja yake ni kwamba sheria ilibadili mmiliki bila kubadili upangaji wenyewe: Serikali ilirithi nyumba pamoja na watu wake.

Mwenye nyumba wa awali, ambaye mara nyingi aliishi jirani na wapangaji wake, aliwajua kwa sura na kwa jina. Msajili aliwajua kwa daftari. Kodi ilipodhibitiwa chini ya bei ya soko, mkataba wa upangaji ukawa mali. Aliyeandikwa daftarini aliweza kuhamia kwingine, akampangisha mtu mwingine kinyemela kwa kodi ya juu, au akamwachia nafasi kwa kupokea kilemba. Hivyo, mkaaji asiye na idhini hakuwa mvamizi aliyevunja mlango. Aliingia kwa kulipa, ila malipo yake hayakumfikia mwenye nyumba.

Kumwondoa mkaaji wa namna hiyo hakukuwa rahisi. Sheria ya Kudhibiti Kodi, iliyotungwa upya mwaka 1984, ilimlinda mpangaji asiondolewe bila amri ya chombo cha kisheria. Ngao iliyokusudiwa kumkinga mnyonge dhidi ya mwenye nyumba binafsi ikawa sasa inatumika dhidi ya mwenye nyumba wa umma. Aliyenufaika nayo kwa urahisi zaidi alikuwa mpangaji wa daftarini, wala si yule aliyelala ndani.

Mwaka 1990 shughuli za Msajili ziliunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa, lililoanzishwa mwaka 1962. Mwaka 1992 amri ya Serikali iliyaondoa mashirika ya umma yaliyotajwa katika vizuizi vya sheria hiyo, na mgogoro juu ya amri hiyo ukafika Mahakama ya Rufani. Hata hivyo, ugumu haukuwa kwa watu binafsi pekee. Baadaye wizara na taasisi za umma nazo zilitajwa hadharani miongoni mwa wadaiwa sugu wa Shirika.

Kwa mtafiti, funzo ni la kimbinu. Daftari la kodi linathibitisha nani aliyetambuliwa na mwenye nyumba; halithibitishi nani aliyeishi humo. Anayelisoma kama orodha ya wakazi atamwandikia historia mpangaji aliyekwisha kuhama, na kumfuta aliyebaki.