Kanieneo, Jotoridi na Ubishi wa Maziwa Mawili

Maji yanayochemka hapa Igunga hayafikii digrii 100 za Selsiasi. Huchemka kwenye digrii 96 au 97 hivi, kwa kuwa tupo zaidi ya meta 1,000 juu ya usawa wa bahari, na hewa iliyo juu yetu ni pungufu kuliko ile ya Bagamoyo. Mwanafunzi hulisoma jambo hili pamoja na kanuni za gesi, akadhani kwamba ni elimu ya Ulaya isiyotuhusu. Kumbe katika karne ya 19 lilizua ubishi mkubwa juu ya maziwa yetu.

Tuanze na maneno, maana maneno nayo ni elimu. "Kanieneo" limeundwa kwa "kani" na "eneo": ni kani inayokandamiza kila kipande cha eneo. "Jotoridi" limeunganisha joto na baridi. Mtu akiyafahamu maneno haya mawili, amekwisha kuifahamu nusu ya kanuni aliyoitangaza Robert Boyle mwaka 1662: jotoridi lisipobadilika, kanieneo ikipungua, ujazo wa gesi huongezeka kwa uwiano uleule.

Chukua mfano. Mfuko laini umefungwa Bagamoyo ukiwa na lita 10 za hewa, kanieneo ikiwa milimita 760 za zebaki. Msafara ukaupandisha hadi Tabora, ambako kanieneo ni milimita 660 hivi. Zidisha 760 kwa 10, gawanya kwa 660: hewa ileile sasa imejaza lita 11.5. Hewa ikipanuka namna hiyo, huwa nyepesi zaidi, na maji hupata wepesi wa kuchemka. Kwa hiyo mwenye kipimajoto na sufuria aweza kukadiria kimo cha mahali aliposimama.

Ndivyo walivyofanya Richard Burton na John Speke. Walifika Kazeh, Tabora ya leo, Novemba 1857, wakapokewa na mfanyabiashara Mwarabu, Snay bin Amir, aliyewaeleza habari za maziwa ya bara. Februari 1858 wakafika Ujiji. Kipimo chao kikaonyesha kwamba Ziwa Tanganyika lipo futi 1,844 juu ya bahari. Julai mwaka huohuo Speke aliondoka Kazeh kuelekea kaskazini, pamoja na Sidi Mubarak Bombay, akafika Mwanza mwanzoni mwa Agosti. Huko alipata futi 3,740 kwa Ziwa Nyanza, akaliona kuwa chimbuko la Mto Nile. Burton, aliyebaki Kazeh, hakukubali. Baadaye akashikilia kwamba Tanganyika nalo lina sehemu yake katika mto huo.

Leo twajua kwamba Nyanza lipo karibu futi 3,720, na Tanganyika karibu futi 2,530. Kipimo cha Nyanza kilikaribia sana ukweli. Kile cha Tanganyika kilipungua kwa futi 700 hivi. Kosa la jotoridi lisilofika hata digrii moja ya Selsiasi latosha kuleta tofauti hiyo. Kanuni haikukosea, kilichokosea ni tarakimu iliyotiwa ndani yake.

Hata hivyo, ubishi juu ya Tanganyika haukumalizwa na kipimajoto. Mwaka 1858 wenyeji wa Uvira walikwisha kumwambia Burton kwamba Mto Rusizi huingia ziwani, wala hautoki. Novemba 1871 Livingstone na Stanley walikwenda kwa mtumbwi kutoka Ujiji hadi mdomo wa mto huo, wakauona ukiingia, kama wenyeji walivyosema.

Enyi walimu vijana, fundisheni hesabu za gesi kwa Kiswahili fasaha, na muwaulize wanafunzi maswali mawili kabla ya kukokotoa: tarakimu hii imepimwa kwa chombo gani, na mwenye mahali amesemaje? Jibu sahihi la hesabu si lazima liwe ukweli wa nchi. Aliyekunywa maji ya mto anajua unakoelekea.