Anayengoja Analinda

Ukivuka mpaka wa Kenya na Uganda pale Busia au Malaba ukamsikia Mganda akimwambia mwenzake "linda", usitafute rungu wala lango. Anamwambia angoje. Kwa Kiganda okulinda ni kusubiri. Kazi ya askari wa usiku ina neno lake, okukuuma.

Mzizi ni ule ule wetu, mkongwe wa Kibantu, na tangu zamani ulibeba maana mbili: kungoja na kuangalia kitu kisipotee. Kiganda kikashika ya kwanza, Kiswahili ya pili. Cha kupendeza ni kwamba Kiswahili kiliziunganisha tena maana hizo mbili kwa mlango wa nyuma. Neno letu ngoja limezaa mngoja mlango, yaani bawabu, na kamusi ya Johnson ya 1939 inamtaja mngojezi kuwa mlinzi.

Nayaandika haya kwa sababu ya jinsi neno "ngoja" linavyotumika makanisani. Mama ameombea mtoto miaka, kijana ameombea kazi, jibu halijaja. Anaambiwa amngoje Bwana, naye anaelewa kwamba ameagizwa kukaa kitako. Biblia haikuliweka hivyo. Zaburi ya 130 inaifananisha nafsi imngojeayo Mungu na walinzi wanaoitazamia asubuhi. Habakuki naye, baada ya kumlalamikia Mungu waziwazi, anapanda mahali pake pa zamu atazame atajibiwa nini. Amelalamika, na bado yuko zamu. Wanaomkemea muumini anayelia kwamba hana imani wangemsoma huyu kwanza.

Madereva wa malori wanaijua zamu hiyo. Januari 2022, Uganda ilipotaka wapimwe korona mpakani kwa kulipa, foleni ya Malaba ilirefuka makumi ya kilomita ndani ya Kenya. Dereva aliyekwama humo alikuwa na kazi: turubai lisichanwe, sili isiguswe, mafuta yasifyonzwe usiku. Hakuwa na uwezo wa kuisogeza foleni hata hatua moja, lakini mzigo ulikuwa juu yake.

Na karatasi zake zilikuwa kwa ajenti wa forodha. Hapo ndipo linapoingia neno lililotoka Uarabuni, tawakali. Ni ndugu wa damu wa wakili na wakala: kutawakali ni kumfanya Mungu wakili wako, umkabidhi shauri usiloweza kulimaliza mwenyewe. Mpakani kila mtu anaelewa uwakala. Ajenti huingia ofisi ya forodha na dereva hubaki nje, haoni kinachoandikwa. Ila ajenti wa Malaba unaweza kumpigia simu kila baada ya dakika kumi ukamfokea, ukabadilisha mwingine kesho. Nadhani wengi wetu tunasali kwa mtindo huo, halafu tunauita tawakali.

Kungoja huko kuna majina mengine pia: subira na saburi, yaliyotoka mzizi mmoja wa Kiarabu. Subira imezoeleka nyumbani na barabarani; saburi imebaki na harufu ya kanisa, hasa kupitia Biblia ya Union Version ya 1952. Angalia tu kwamba subira huvutwa, nayo, wasemavyo wahenga, yavuta heri. Kitenzi ni kile kile mara mbili, na hakuna anayevuta akiwa amelala.

Mpakani nako mambo yamesogea kidogo: kituo cha pamoja cha mpaka cha Busia kilizinduliwa Februari 2018. Maofisa wa Kenya na Uganda huketi jengo moja, gari likakaguliwa mara moja upande wa nchi linakoingia. Kungoja kumepungua, hakujaisha. Kwa hiyo ndugu mhubiri wa Malaba, Jumapili ukiwaambia watu wangoje, waambie pia walinde nini: ndoa, afya, mtaji mdogo uliobaki, ulimi. Ukiwaambia wangoje tu, umewapa nusu ya neno.