Muhidin Gurumo

Muhidin Maalim Gurumo (1940 – 13 Aprili 2014) alikuwa mwimbaji na mtunzi wa muziki wa dansi kutoka Tanzania. Alikuwa miongoni mwa wanamuziki wa kwanza wa NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi iliyoundwa mwaka 1964, ambayo sasa inaitwa Msondo Ngoma. Mwaka 1978 alihamia Mlimani Park, baadaye OSS, kisha akarudi Msondo.

NUTA Jazz iliwalipa wanamuziki wake mshahara, jambo la nadra wakati ule. Lakini nyimbo zilizorekodiwa Redio Tanzania zilipigwa miaka mingi bila mrabaha. Gurumo alipostaafu mwaka 2013, afya ikiwa imedhoofu, alisema hajawahi kumiliki hata baiskeli. Mwaka huohuo Diamond Platnumz, msanii wa bongo fleva aliyezaliwa 1989, alimzawadia gari.