Dawa chini, wapangaji juu: nyumba za Mji Mkongwe zilivyofika mikononi mwa wageni

Tarehe 25 Desemba 2020, sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib iliporomoka mbele ya Forodhani. Mafundi walikuwa kazini wakiikarabati, na watu wawili walipoteza maisha. Jumba hilo la Sultani Barghash lilisimama tangu 1883, likapigwa mizinga ya Waingereza mwaka 1896 na bado halikuanguka. Likaja kuanguka katika zama ambazo kila mtu anajidai mlinzi wa urithi. Mwaka 2025 tukio hilo lilitimiza miaka mitano, na mwaka huohuo Mji Mkongwe wa Zanzibar ukatimiza robo karne tangu UNESCO iuingize katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Mimi kumbukumbu hizo zimenikuta nikiwa mgeni wa kulipa. Nilipanga fleti kwa siku mbili mtaa wa Kiponda, ghorofa ya tatu ya nyumba iliyokarabatiwa kwa ajili ya watu wa mapumziko. Kitanda cha samadari, chandarua cheupe, taa ndogo ndani ya madaka ya ukutani, bafu jipya, na sakafu inayong'aa hadi mtu unaona haya kuikanyaga na viatu. Chumba chenyewe kirefu na chembamba kama jahazi. Asiyejua angesema hayo ni maringo ya mchora ramani. La. Nililala chali nikahesabu boriti za dari, nikakumbuka kwamba boriti ndizo zilizokata upana wa chumba. Mti wa mkoko haukupi boriti iliyonyooka ya urefu wowote upendao. Ukikaza sana unapata chumba cha mita tatu hivi, basi. Kwa hiyo tajiri na maskini wa Unguja walilala katika vyumba vya upana mmoja. Tajiri aliongeza urefu, akaongeza ghorofa, akaongeza nakshi mlangoni.

Nilipofungua dirisha, nyumba ya pili yake, karibu kiasi cha kupeana chumvi, ilikuwa na mti umeota ukutani. Mizizi imeshuka hadi kwenye kizingiti. Bati la paa limekula kutu na mlizamu umekatika nusu, kwa hiyo maji yote ya paa humwagika kwenye ukuta mmoja.

Katika makala haya ninaegemea vitabu viwili, na msomaji ajue mapema kwamba nimeambukizwa mawazo yake. Kimoja kilihaririwa na Profesa Abdul Sheriff, kuhusu historia na uhifadhi wa Mji Mkongwe, na kilitoka 1995. Cha pili ni mpango wa uhifadhi ulioandaliwa na msanifu Francesco Siravo chini ya taasisi ya utamaduni ya Aga Khan, uliochapishwa 1996. Sheriff anamtazama mwenye nyumba, wakati Siravo macho yake yako kwenye chokaa.

Tuanze na chokaa. Kuta za Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe, udongo na chokaa, nene kama dhiraa moja na zaidi. Chokaa hupatikana kwa kuyachoma matumbawe juu ya magogo, kisha huzimwa kwa maji na kuachwa ikomae. Ukuta wa namna hii hupumua: mvua ikiingia, jua litaitoa. Unachohitaji ni mtu wa kuziba ufa na kupaka niru kila baada ya muda, na wa kuhakikisha maji ya paa yana njia. Akija fundi wa haraka na saruji yake, ukuta unaonekana mzuri kwa miaka michache huku unyevu umefungiwa ndani, udongo unalainika, boriti zinaoza vichwa pale zilipoingia ukutani. Siku moja dari inashuka. Wenyeji husema nyumba imeanguka ghafla. Haikuwa ghafla, imechukua miaka ishirini.

Historia ya mji tunaijua, tuipite. Sayyid Said alihamishia makao yake Unguja katika miaka ya 1830. Karafuu, pembe za ndovu na biashara ya watumwa vikaleta fedha. Waarabu wakajenga nyumba za ua katikati, Wahindi wakajenga duka chini na makazi juu, na Barghash akaja na majumba na maji ya bomba. Mwaka 1890 ukaja ulinzi wa Waingereza.

Ninapotaka kukaa kidogo ni barabara ya Mizingani, karibu na bandari ya Malindi, palipo na jengo ambalo kila mtalii hulipiga picha: roshani za mbao zilizochongwa kama lasi, vioo vya rangi, na ua ndani. Hii ndiyo Dispensari ya Zamani. Kwa maoni yangu historia ya fleti niliyolala Kiponda inaanzia hapa.

Aliyelijenga ni Tharia Topan, Ismailia kutoka Kutch, Uhindi, aliyefika Unguja akiwa kijana mdogo asiye na kitu. Alipanda hadi akawa mkusanya ushuru wa forodha na mshauri wa masultani. Msomaji wa Kiswahili anaweza kumkuta bila kwenda mbali: yumo katika maisha ya Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, yaliyosimuliwa kwa Kiswahili na mwenyewe, maana Tharia ndiye aliyekuwa akimkopesha mali ya safari za bara. Henry Morton Stanley naye alimjua na kufanya naye biashara. Fedha yake basi ilikuwa fedha ya pembe, na pembe za zama zile zilibebwa na mabega ya watu ambao wengi wao hawakuchagua kuzibeba. Vijitabu vya watalii humwita mfadhili mkarimu, na ukarimu alikuwa nao, lakini hatuna haja ya kuficha ulikotoka.

Mwaka 1887 Malkia Victoria alitimiza miaka 50 ya kutawala. Tharia akaamua kuadhimisha sherehe hiyo kwa kujenga hospitali ya maskini, mbele kabisa ya bahari, mahali ambapo kila meli ingeiona kabla haijatia nanga. Ukitaka kumtibu maskini huhitaji roshani ya kuchongwa. Ukitaka kuonekana na Waingereza unaihitaji. Sifa aliipata: alipewa cheo na kuitwa Sir Tharia. Jengo lenyewe hakuliona limekwisha. Alifariki mwaka 1891, na mjane wake, Lady Janbai, ndiye aliyeendelea kulipa mafundi hadi kazi ikakamilika katikati ya miaka ya 1890.

Hapo ndipo mambo yalipogeuka. Hospitali ile haikuwa kama alivyoikusudia. Mwaka 1900 jengo liliuzwa, likaingia katika mirathi ya mfanyabiashara wa Kikhoja Ithnaasheri, Haji Nasser Nurmohamed, na ndiyo sababu wengine huliita Dispensari ya Ithnaasheri. Ghorofa ya chini ikawa zahanati na duka la dawa. Ghorofa za juu zikagawanywa makazi ya kupangisha. Dawa chini, wapangaji juu. Yaani lile jumba lililojengwa kama zawadi likaishia kutoza kodi ya nyumba, na kwa maoni yangu kodi hiyo haikuwa fedheha. Wapangaji walipanda ngazi zile kila siku, wakafungua madirisha, wakapiga kelele dari ikivuja. Kwa nusu karne na zaidi jengo lilikuwa na macho ndani yake.

Sheriff angeniongezea wakfu hapa, na angekuwa na haki. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe ziliwekwa wakfu na wenyewe, ili kodi yake isaidie msikiti, jamaa au maskini. Kupangisha basi si uvumbuzi wa simu za mkononi. Kilichokuwa kigeni kwa watu wa visiwani ni kumtoza mgeni. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe: hata methali hiyo, kwa ukali wake wote, inampa siku mbili za bure. Mimi siku zangu mbili nimelipia, tena kabla sijafika.

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 nyumba nyingi zilitaifishwa, wenyewe wengi wakaondoka, na familia kutoka Ng'ambo, mashamba na Pemba zikapewa vyumba. Nyumba ya ukoo mmoja ikawa ya koo sita. Hakuna wa kumlaumu aliyepata chumba, alihitaji chumba. Ila paa lilikuwa la serikali, na paa la serikali hakuna anayelipanda. Fedha na saruji zilikwenda Michenzani, kwenye majumba marefu yaliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki. Dispensari ya Zamani nayo ikabaki tupu ikioza mbele ya bahari, pale pale Tharia alipotaka ionekane.

Mwaka 1985 iliundwa Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe. Wapimaji walipoupitia mji wote mwaka 1992 walihesabu majengo 1,709, na takriban robo tatu yake yalikuwa katika hali ya kuchakaa. Mpango wa Siravo ulitokana na hesabu hiyo. Mwaka 1990 taasisi ya Aga Khan ilikuwa tayari imekodishwa dispensari ile, na katika miaka ya 1990 ikairudisha katika hali yake: chokaa badala ya saruji, mbao zikachongwa upya, na mafundi wa Unguja wakafundishwa tena kazi ambayo babu zao waliijua. Jengo likawa kituo cha utamaduni. Taasisi hiyohiyo ikaligeuza jengo la zamani la simu, Shangani, kuwa hoteli ya Serena, iliyofunguliwa 1997.

Lakini aliyewaonyesha watu kwamba mgeni atalipa kulala ndani ya ukuta mkongwe alikuwa Emerson Skeen, Mmarekani kutoka New York aliyefika Unguja mwishoni mwa miaka ya 1980 na kufariki mwaka 2014. Alichukua nyumba zilizokwisha kukatiwa tamaa, akaacha vyumba vyembamba vibaki vyembamba, akaweka samadari na mapazia ya rangi kali, akapeleka meza ya chakula juu ya paa. Moja ya nyumba zake, Hurumzi, ilikuwa ya nani? Ya Tharia Topan. Mzee yule hatuachi.

Tangu hapo mambo yameenda mbio na maelezo ni mafupi: hoteli za nyumba moja moja, kisha fleti, kisha mitandao ya kukodi kwa siku. Mabishano makubwa yalikuwa ya jengo la kale la Mambo Msiige, Shangani, lilipounganishwa na jengo jipya kuwa hoteli kubwa iliyofunguliwa 2015, na Kamati ya Urithi wa Dunia ikaeleza wazi kutoridhika kwake. Kwingine hasira zimekwenda mbali zaidi: meya wa Barcelona alitangaza mwaka 2024 kwamba leseni za fleti za watalii zaidi ya 10,000 hazitahuishwa zikifika Novemba 2028. Huko wanalilia kodi za wenyeji zilizopanda. Kwetu kilio hicho kipo, ila kuna kingine ambacho wenzetu hawana.

Kilio hicho kingine ni cha mvua. Msimu wa wageni Unguja hupungua sana Aprili na Mei, na hoteli kadhaa hufunga kabisa. Aprili na Mei ndiyo kilele cha masika. Nyumba ya wapangaji wa zamani, hata yenye koo sita na ugomvi wa choo, wakati wa masika ilikuwa na mtu wa kusikia tone la kwanza likianguka usiku na kuweka ndoo, na asubuhi kwenda kumgongea mwenyewe. Fleti ya mapumziko wakati huo imefungwa, funguo ziko kwa mlinzi, mwenyewe yuko Dar es Salaam, Muscat au Milano. Tone la kwanza halisikiwi na mtu. Juni inapofika, doa la dari hufunikwa kwa rangi, picha mpya inapigwa, na kichwa cha boriti kimeshaanza kuoza.

Sisemi wageni waondoke. Fedha yao ndiyo inayomlipa fundi wa chokaa leo, na nyumba niliyolala ingekuwa na mti ukutani kama jirani yake lau si wao. Nasema nyumba iliyokarabatiwa kwa mamilioni na kuachwa bila mkaazi miezi ya mvua imekarabatiwa nusu. Chumba cha chini kingepewa familia moja ya Kiponda kwa kodi ndogo, kwa sharti la kulitunza paa, kama vile zamani palivyokuwa na dawa chini na wapangaji juu. Mamlaka inaweza kuliandika sharti hilo kwenye kibali cha ukarabati.

Wakati hilo linasubiriwa, wenye fleti wa Kiponda, Hurumzi, Shangani na Malindi: masika huanza katikati ya Machi. Tumeni mtu apande paani mwezi wa Februari azibue milizamu. Ni kazi ya asubuhi moja.