Mgonjwa Mmoja Aliyefika Juba

(Muziki wa kipindi, kisha unashuka taratibu.)

Huenda unasoma karatasi hii kwa sababu betri za redio zimeisha, au ulikuwa kwenye foleni ya maji tulipokuwa hewani. Leo tunarudi mwaka 1976 tukiwa na swali moja: ugonjwa unaoanza katika mji mdogo unazuiwa na nini hasa usifike kwako?

Twende Nzara, magharibi mwa Juba, karibu na mpaka wa Kongo. Vita vya kwanza vilikuwa vimekwisha kwa Mkataba wa Addis Ababa wa 1972. Watu walikuwa wamerudi nyumbani, kama wengi wetu tulivyorudi kutoka Kakuma na Uganda. Nzara ilikuwa na kiwanda cha pamba. Mwishoni mwa Juni 1976, mtunza ghala wa kiwanda hicho alishikwa na homa na maumivu makali ya kichwa. Baada ya siku chache alianza kuvuja damu, na mapema Julai akafariki. Wafanyakazi wenzake nao wakaanza kuugua.

Wakati huo ugonjwa haukuwa na jina. Kutoka Nzara ulifika Maridi, kwenye hospitali kubwa yenye wagonjwa wengi. Wauguzi waliwahudumia wagonjwa bila mavazi ya kujikinga, na hospitali yenyewe ikawa mahali pa kuambukizwa. Hadi Novemba watu 284 walikuwa wameugua: 67 Nzara, 213 Maridi, 3 Tambura na mmoja hapa Juba. Waliofariki walikuwa 151, wakiwemo wafanyakazi wengi wa hospitali.

Angalia tena hesabu hiyo. Mji ulikoanzia ugonjwa ulikuwa na wagonjwa 67, na mji wenye hospitali kubwa ukawa na 213. Miezi hiyohiyo, upande wa pili wa mpaka, hospitali ya wamisionari ya Yambuku ilikuwa ikitumia sindano zilezile kwa wagonjwa wengi. Huko watu 318 waliugua na 280 wakafariki. Wanasayansi waliupa ugonjwa jina la mto ulio karibu na Yambuku: Ebola. Baadaye iligundulika kuwa virusi vilikuwa vya aina mbili. Kile cha Nzara kinaitwa kirusi cha Sudan mpaka leo.

Ni nini kilichouzima? Hapakuwa na dawa wala chanjo. Wagonjwa walitengwa, waliowahudumia wakavaa glavu, barakoa na magauni, na maiti zikazikwa kwa tahadhari.

Mwaka 1979 ugonjwa ulirudi, na mgonjwa wa kwanza alikuwa tena mfanyakazi wa kiwanda kilekile. Waliugua 34, wakafariki 22. Mwaka 2004 ulitokea Yambio. Waliugua 17 na kufariki 7, ukazimwa ungali mdogo.

Halafu ikaja 2018. Ebola ililipuka Kivu na Ituri, na hadi 2020 watu zaidi ya 3,400 walikuwa wameugua Kongo. Sisi tuliweka vituo vya kupima joto mipakani na uwanja wa ndege wa Juba. Januari 2019, wahudumu wa afya wa Yambio wakaanza kuchanjwa. Hakuna hata mgonjwa mmoja aliyethibitishwa Sudan Kusini. Je, unakumbuka tukisherehekea? Mimi sikumbuki. Ulinzi ukifaulu hauonekani, na kitu kisichoonekana ni rahisi kukiacha.

Tulikiacha. Korona ilipothibitishwa nchini tarehe 5 Aprili 2020, ndoo zenye koki ziliwekwa kila mahali. Machi 2021 tulipokea dozi 132,000 za chanjo, lakini 72,000 zikarudishwa kwa sababu tusingeweza kuzitumia kabla ya muda wake kwisha. Chanjo ilivuka bahari ikafika Juba. Kilichokosekana ni njia ya kuifikisha kwa watu kwa wakati, na njia hiyo haijengwi kwa wiki mbili.

Nami nikiri. Ndoo ya lango letu ipo bado, lakini koki imevunjika na ndani kuna vumbi. Napita hapo kila asubuhi nikienda studio, na kwa muda mrefu sikumuuliza mtu yeyote.

Wala usidhani hii ni historia tu. Kirusi cha Sudan kiliua watu 224 Uganda katika mlipuko ulioanza Gulu mwaka 2000. Kilirudi Mubende mwaka 2022, na Januari 2025 kikaonekana Kampala. Chanjo iliyotumika Kongo hailindi dhidi ya kirusi hiki. Malori yanayotuletea unga na nyanya hupita Nimule kila siku. Kwa hiyo kitakachokulinda ni kilekile kilichoilinda Maridi: maji, sabuni, glavu, na muuguzi anayelipwa mshahara ili awepo kazini siku mgonjwa wa kwanza atakapoingia. Mikutano ya Geneva huita jambo hili usalama wa afya duniani. Kwetu sisi linaanzia kwenye koki ile.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Wiki hii nenda kituo chako cha afya uulize mambo matatu. Je, maji na sabuni vipo kila siku, au siku wageni wanapokuja tu? Je, glavu zipo za kutosha? Na mtu akifa kwa homa yenye kuvuja damu, nani anapigiwa simu? Andika majibu ulete kwenye kibanda chetu cha redio, tuyasome hewani. Mimi nitaanza na ndoo ya langoni, na Jumanne ijayo nitakuambia nimefikia wapi.

(Muziki wa kufunga.)